Kondo Moja, Mifuko Miwili

Katika ukoo wa mume wangu, haongei na daktari mtu mwingine ila wifi yangu. Tunamwita Profesa. Amesoma kuliko wote, anakaa mapokezi kwenye ofisi yenye zulia, na akikutana na wakubwa hata sauti yake inavaa tai. Mtu akiumwa, awe babu au mtoto, Profesa anaingia naye chumbani, anasikiliza kwa niaba yake, kisha anatoka na maneno yaliyokwisha kuchujwa. Kazi ya mgonjwa ni kufunua panapouma na kunyamaza.

Nami nilifunua tumbo nikanyamaza. Daktari alipitisha kile kifaa chake cha baridi, akasema ni mapacha, kisha akamgeukia Profesa na kummwagia maneno. Nililonasa ni moja tu, monokorioni, kwa sababu alilirudia. Profesa alikuwa akiitikia kwa kichwa, mbio mbio. Tulipofika kwenye korido nikamuuliza.

"Ni wa kufanana kabisa, wifi. Wanatumia kondo la nyuma moja. Raha tupu!"

"Tunarudi lini?"

"Mwezi ujao, kama kawaida."

Mama mkwe alipiga vigelegele. Mume wangu, aliyekuwa safarini na lori, alicheka kwenye simu mpaka mtandao ukakata. Saluni, wateja ninaowasuka wakawa wananiuliza nitawasuka vipi na timu nzima mbele yangu.

Kisha tumbo likaanza kukimbia. Nililala na gauni linanitosha, baada ya siku chache haliingii. Ngozi ilivutika ikang'aa, pumzi ikawa fupi, nikawa nasuka huku nimeegemea kiti cha mteja. Profesa akasema, "Wawili hao. Ulitaka tumbo la mtu mmoja?" Mama mkwe akasema vivyo hivyo.

Siku nilipokosa pumzi kabisa nilimwacha mteja na kichwa nusu, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima, nikaenda hospitali. Profesa alipewa habari na wenzangu wa saluni, akaja akihema, akanikuta mlangoni kwa daktari. Akatangulia kuingia.

Daktari alitazama skrini, akamtazama yeye. "Mlikuwa wapi? Si nilisema kila wiki mbili?"

Wiki mbili. Nilihisi hasira inanipanda kutoka miguuni. Naye daktari tayari alikuwa ameshaanza kumwaga tena maneno yake upande ule ule.

"Daktari," nikasema, "tumbo hili ni langu. Niambie mimi. Na useme kwa maneno ninayoyajua, la sivyo sitoki kitandani hapa."

Alikohoa kidogo. Kisha akanigeuzia skrini. Monokorioni, alisema, ni mapacha wenye kondo moja. Wangu kila mmoja ana mfuko wake wa maji, lakini ndani ya kondo mishipa yao ya damu imeungana, na damu inatoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kurudi sawasawa. Yule mkubwa amezidiwa na damu, anakojoa kupita kiasi, mfuko wake umejaa maji, moyo wake unachoka. Na huyu mdogo, aliyebanwa ukutani bila maji ya kujigeuza, anakaushwa.

"Mara ya kwanza ulijua hili linaweza kutokea?"

"Nilijua. Ndiyo maana nilisema wiki mbili."

"Ulimwambia nani?"

Macho yake yakahamia kando ya kitanda. Nikamgeukia Profesa. Alikuwa anakunjakunja mkanda wa mkoba.

"Sikuelewa, wifi," alisema. "Lile neno sikulielewa. Nikaona aibu kuuliza. Na hizo wiki mbili nikadhani ni kukutisha bure, mjamzito hatishwi."

"Kwa hiyo mimi nimebeba watoto wawili na aibu yako."

Alianza kulia. Sikumbembeleza, na sijutii.

Kulikuwa na hospitali kubwa yenye kifaa chembamba cha kuziba ile mishipa kwa mwanga mkali. Mioyo yote miwili bado ilikuwa inapiga, lakini hakuna wa kunipa ahadi. Nilimfanya daktari arudie kila kitu, kisha nikamrudishia mimi, neno kwa neno, mpaka akasema ndivyo.

Tukiwa nje tunasubiri gari la wagonjwa la kunipeleka huko, mama mkwe akapiga. Profesa alipokea, akafuta machozi, na ile sauti yake ya ofisini ikarudi. "Ni uchunguzi wa kawaida tu, mama. Usiwe na wasi—"

Nilimpokonya simu.

"Mama, ni mimi. Mtoto mmoja anaweza kufa leo. Wanaweza kufa wote wawili. Naogopa sana. Keti nikueleze kwa nini."

Upande wa pili vilisikika viti vikisogezwa, na mama mkwe akisema, "Nimeketi, mwanangu. Sema."