Ugonjwa Ulionibakiza Rukoki

Wanaoijua kazi yetu hawakai Kasese. Kituo chetu cha utafiti pale Rukoki, nje kidogo ya mji, kina kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, zikiwakokotolea wanasayansi mambo ya virusi na mafuriko. Kila tuliyemfundisha kuzitunza aliondoka mara tu alipoiva. Wa kwanza alikimbilia Nairobi, wa pili Kigali. Tukabaki wawili, mimi niitwaye Ronah na mkubwa wangu Daktari Tsongo, ambaye alinifundisha kila kitu na ambaye nilimpenda kama baba mdogo. Nayasema haya mapema ili ujue hasira yangu inatoka wapi.

Mwaka jana taasisi moja ya Entebbe ilinipigia simu. Walinitaka nikasimamie mitambo yao, mikubwa kuliko yetu. Nilimwambia Daktari siku ileile, maana sikuzoea kumficha jambo. Alinishika mkono, akanipongeza.

"Lakini mzazi ni wa kuulizwa kwanza," akasema. "Wacha niende nisalimie mama."

Nikaona ndiyo heshima hiyo. Jumamosi alikwenda kwetu Bwera, mpakani mwa Kongo, na sukari na chumvi ya Katwe, akanywa chai na mama yangu, Loyi, akaitwa mtoto wa nyumbani.

Wiki iliyofuata mama akaanguka. Moyo, alisema. Hospitali hakutaka kuisikia. Dawa yake ilikuwa kuniona kila Jumapili. Nilipomtajia Entebbe aligeukia ukutani.

"Nenda tu, mwanangu. Utanizika ukirudi."

Nani angekwenda baada ya maneno hayo? Niliikataa kazi, nikajifungia chooni pale kituoni nikalia. Daktari alinisifu mbele ya wenzangu, kwamba nina utu, kwamba vijana wa leo hawajui mama ni nini. Maneno matamu kweli, nikayameza yote.

Mwezi uliopita alituita mkutanoni, akatangaza kuwa anahamia Entebbe. Taasisi ileile! Bodi ilikuwa imemnyima ruhusa miaka yote mpaka aache mtu anayeiweza mitambo. "Sasa yuko," alisema, akaninyooshea kidole. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mjinga mkubwa.

Nilijiliwaza kwamba angalau kiti chake kitakuwa changu. Wapi! Bodi ilimleta shemeji yake Daktari kutoka Kampala, mtu asiyewahi kugusa mitambo ya aina yetu, na mimi nikaagizwa nimfundishe. Siku hiyo sikurudi mezani. Nilipanda gari la Bwera nikamweleze mama, kwa sababu mtu akiumizwa hukimbilia kwao.

Ilikuwa siku ya soko, na nyumba ilikuwa imefungwa. Mama, mgonjwa wangu wa kitandani, hakuwepo. Nikamwendea jirani, Kahambu, Mkongo wa Butembo anayeuza vitenge, nikihofia kwamba labda amepelekwa hospitali.

"Hospitali ya nini, mutoto yangu? Mama yako iko Kasindi, ngambo ya mupaka. Alivuka na gunia ya maharagwe juu ya kichwa, mi mwenyewe nilishindwa kumufuata."

"Na moyo?"

Kahambu akacheka. "Ile ya Daktari? Mi nilikuwaka pale, tunakunywa chai. Alimwambia, we lala tu, mutoto atabakia." Kisha akaniona uso. "Mungu wangu. Haukujua?"

Nilikaa kizingitini kwa mama nikingoja. Jumapili zote zile nilimpikia uji, nikamkanda miguu, nikamwombea kanisani hadi sauti ikanikauka. Bora angenipiga makofi.

Alirudi alasiri akitembea kwa mwendo wa msichana, mzigo kichwani. Aliponiona aliutua polepole. Hakujaribu kukohoa wala kushika kifua, hilo nampa.

"Nani amekwambia?"

"Mama, kwa nini?"

"Waliokwenda mbali na hapa hawarudi," alisema. "Daktari alinieleza kwamba yeye ndiye atakayeondoka, na kwamba ukivumilia kidogo, kiti chake ni chako. Mkubwa, hapahapa Kasese, karibu nami. Ningekataaje? Nililala kwa ajili yako, Ronah." Akanitazama kwa matumaini, akafuta jasho. "Ameondoka, sivyo? Basi wamekupa?"

"Wamempa shemeji yake. Mimi ndiye nitakayemfundisha kazi."

Mama akaketi juu ya mzigo wake. Soko lilikuwa linavunjika, na wachuuzi walipita wakitusalimu, naye hakuitikia hata mmoja.

"Basi nenda Entebbe, mwanangu," alisema mwishowe. "Nenda. Mimi nimepona."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniruhusu, na nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, Daktari, tangu mwaka jana.