Kibiongo Aliyetokea kwa Pasha

Mtu akikuambia Prodromos alikuwa mchukuzi, mkatalie. Magunia ya zabibu kavu aliyabeba kweli pale bandarini Patra, Ugiriki, angefanyaje na njaa inamuuma? Lakini kule Smirna, kwa Waturuki, kabla ya mji kuchomwa moto na Wagiriki kukimbizwa, alikuwa fundi wa vikaragosi vya vivuli, na mtaa mzima ulimtambua kwa sauti. Hapa Wagiriki wenzake walimwita mbegu ya Waturuki, utadhani aliomba mwenyewe kuzaliwa ng'ambo.

Kila jioni alikwenda kwenye mkahawa wa fundi Spilios, naye mchezesha vivuli, akakaa nyuma kabisa na wakimbizi wenzake, akamtazama Kibiongo kwenye pazia, kile kikaragosi cha maskini mwenye mkono mrefu na vituko visivyoisha. Ni huyohuyo aliyekuwa akimchezesha kwao, kwa Kituruki. Roho ilimuuma.

Siku moja akamkuta Spilios kajifunga kitambaa shingoni, sauti imekauka, na watu wameshaketi.

"Wewe si ulisema unaweza?" Spilios alinong'ona.

"Naweza, fundi."

"Haya. Ila ukiniaibisha, rudi kwenye magunia yako na hapa usikanyage tena."

Prodromos akaingia nyuma ya pazia. Akaishika fimbo ya Kibiongo, akamtoa mlangoni kwa mbwembwe zote.

Watu wakazomea. Alikuwa amemtoa kwenye jumba la Pasha, bwana mkubwa wa Kituruki. Kule Smirna upande ule ndio wa nyumba ya Kibiongo. Patra upande ule ni wa Pasha, na Kibiongo ana kibanda chake upande wa pili. Prodromos alilijua hilo vizuri sana, ila mikono ilifuata mazoea.

"Tangu lini huyo kapuku akalala kwa Pasha?" mtu mmoja akadakia.

"Hata nyumba haijui," akasema mwingine mwenye sauti ya kukwaruza. "Mrudisheni kwenye mashua iliyomleta."

Spilios akanyoosha mkono azime taa. Prodromos akaushika mkono ule, akamwinamisha Kibiongo kichwa.

"Samahanini, jamani," Kibiongo akasema. "Nyumba yangu ilikuwa hapahapa. Nimetoka kidogo kutafuta mkate, narudi, namkuta Pasha kitandani kwangu, kavaa mpaka ndara zangu. Namwambia, bwana mkubwa, hapa kwangu. Ananiuliza, una ushahidi gani? Nikamwonyesha ufunguo. Akausifia sana. Akasema bahati mbaya, kitasa wameshabadilisha."

Wachache wakacheka. Kule nyuma kwa wakimbizi, mwanamke mmoja alikuwa analia waziwazi, hata uso hakuufunika.

Kibiongo akalivuka pazia lote taratibu mpaka kwenye kile kibanda kibovu. Akabisha hodi.

"Wenyewe mpo? Naona mko wengi na sufuria tupu. Chakula sitaki. Nataka kipembe tu nijiegeshe."

Prodromos alitaka kuendelea, akashindwa. Hakuwa na utani mwingine, alikuwa na machozi. Kibiongo akabaki amesimama pale mlangoni, mkono wake mrefu ukining'inia.

Kisha ile sauti ya kukwaruza ikakohoa.

"Pita ndani, ndugu yangu," ikasema. "Tutabanana."