Mwaka Tobias Alipochimba Ngoro

Kule Matiri si dhambi mwanamume kuchimba ngoro, ila hakuna aliyewahi kumwona anayechimba. Kazi iligawanywa tangu enzi za mababu. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mirabamiraba mlimani, kisha hukaa pembeni akinoa panga lisilohitaji kunolewa. Mwanamke huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, likabaki shimo lililozungukwa na tuta la kupandia maharage. Kwa hiyo asubuhi Tobias alipoonekana ameinama mteremkoni na jembe la mkewe, naye Hilda amekaa juu ya jiwe mikono mapajani, kijiji hakikuhitaji tangazo.

Hilda ana mimba. Nini kingine?

Hana. Mambo yalianzia hospitali ya misheni. Ndoa yao ilishafikia umri wa kuwa na mtoto wa shule, nao hawakuwa hata na wa kubeba mgongoni. Msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda milima na magari yao, na kila mtu alikuwa anajaribu jambo jipya. Tobias naye akasema, "Twende tukapimwe. Wote wawili." Wakapimwa. Hilda akapewa vidonge vya kuamsha mayai. Tobias naye akapewa vyake, maana tatizo lilikuwa kwake pia. Vya Hilda ukoo mzima ulivijua. Vya Tobias vilikaa kwenye kopo nyuma ya mtungi, na Hilda hakuulizwa kama ameridhika.

Dawa hazikuwa ngumu kumeza. Kigumu kilikuwa sengu, pale kwa baba mkwe, ambapo kila jioni ukoo hukusanya vyakula, hula pamoja na kuulizana habari. Kila mwezi mama mkwe wa Hilda, Benadetha, alimuuliza kwa upole mbele ya sahani zote, "Vipi, mwanangu?" Na kila mwezi Hilda alijibu, "Bado, mama," akaenda jikoni kulia, akasingizia moshi. Mahali pekee alipopumua ni shambani. Ukichimba ngoro huwazi. Unachimba, unafukia, unasogea.

Waliporudi hospitali, nesi Gertrude alimtazama.

"Unalala?"

"Nalala."

"Unalia?"

"Moshi tu, sista."

"Mimi napikia mkaa," nesi akasema, "na nilipokuwa namtafuta mtoto wa kwanza nililia mwaka mzima." Akamgeukia Tobias. "Vidonge haviwezi kila kitu. Kaa naye. Muulize moyo wake ukoje. Asilie peke yake."

Tobias aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Nyumbani alikaa na mkewe jioni nzima. Alikohoa mara kadhaa. Swali halikutoka. Asubuhi akachukua jembe, kwa kuwa jembe lilikuwa rahisi zaidi.

"Kaa hapo, pumzika," alimwambia. Hilda akakaa, akawa na siku nzima ya kuwaza.

Zawadi zikaanza kuja. Unga, maharage, kuku. Benadetha alileta sweta ya mtoto ya mtumba, yenye picha ya dubu, mnyama ambaye hakuna mtu Matiri aliyewahi kumwona. Hilda alipofungua mdomo kukanusha, aliambiwa asijichoshe.

Kisha damu ikaja kama kawaida yake. Hilda aliitazama ile sweta, akaamua hospitali harudi tena. Vidonge angeweza kuvimeza hadi uzee, lakini si macho ya watu.

Jioni hiyo kwenye sengu, Benadetha alichukua firigisi ya kuku, akampa Hilda. Mzee Othmar, baba mkwe, ambaye firigisi zote tangu aoe zilikuwa zake, aliitazama ikipita.

"Mama, mrudishie baba," Hilda akasema. "Sina mimba. Damu imekuja leo."

Watu wakaacha kutafuna.

"Sasa lile jembe?" Benadetha akauliza.

Hilda akamtazama Tobias. Tobias akatazama ugali. Ugali haukumsaidia.

"Nesi alisema nimuulize moyo wake," akasema. "Nikashindwa. Nikachimba. Na mimi nameza vidonge, baba. Tatizo liko kwangu pia."

Firigisi ikamrudia Mzee Othmar, akaila taratibu, hadi ikaisha.

"Niliyaona yale mashimo," akasema. "Mvua ikija, udongo wote utashuka bondeni. Hilda ayarudie."

Hapakuwa na hukumu nyingine. Mtu mmoja akaomba mboga.

Benadetha aliinama karibu na mkwewe. "Na sweta, mwanangu?"

"Itunze wewe, mama. Na usiniulize tena kila mwezi. Nikiwa na neno, nitakuja mwenyewe."

"Na nikisahau nikauliza?"

"Muulize Tobias."

Wanawake wakacheka kwanza, halafu wanaume. Tobias akacheka mwisho, akiwa na wasiwasi, maana alijua mama yake atasahau.

Kesho yake Hilda alikuwa shambani mapema, akibomoa mashimo ya mumewe na kuyachimba upya. Tobias alikaa kwenye jiwe. Panga alikuwa nalo, ila hakulinoa. Alikohoa.

"Jana ulilia?"

"Nililia."

"Moshi?"

"Hapana."

Hilda alichimba, akafukia, akasogea. Kisha, bila kuulizwa tena, akaanza kumweleza: habari za dubu yule wa sweta, za siku ile juu ya jiwe, za hofu ya kubaki anaitwa mke wa Tobias hadi kufa, wala si mama wa mtu. Aliongea hadi mwisho wa mstari, na Tobias hakushika jembe.

"Pole," akasema. Halafu, "Hospitali je?"

Hilda alipangusa jasho, akayatazama mashimo yaliyobaki. Yalikuwa mengi, na yote mabaya.

"Nikimaliza haya, tutakwenda," akasema. "Sogeza mguu. Umekanyaga tuta."