Mahame ya Wakubwa wa Akheri

Kaanaeli alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda kusifiwa. Miaka miwili alibeba mizigo ya watu kutoka Moshi hadi Pangani, akarudi kwao Akheri na kanzu moja, kovu begani na Kiswahili cha pwani, na tangu siku hiyo hakuambilika. Basi mpima ardhi wa Kidachi alipopanda mlimani na karani wake, akitaka mtu wa kumwonyesha njia na kumfasiria, msiniulize ni nani aliyejitokeza wa kwanza.

Karani alikuwa mtu wa Pangani, mpole wa maneno, na kitabu kikubwa kwapani.

"Bwana anataka kuona nyumba za wakubwa wenu wa zamani," alisema. "Zile walizokaa wao, ambazo siku hizi hakai mtu. Unazijua?"

Kaanaeli alizijua zote nane. Katika ukoo wao, mtu mkubwa akifa huzikwa uani kwake, na nyumba huachiwa yeye. Mjane huhamia kibanda cha kando, moto wa jikoni huzimwa, na masale, ile mimea ya majani marefu, hupandwa kuzunguka uwanja wote yawe mpaka. Halipigwi tena jembe pale, wala haukatwi mkungu wa ndizi, hata mwaka wa njaa. Nyumba hungojewa ianguke yenyewe. Wakizaliwa vitukuu ndipo masale hung'olewa, na uwanja unakuwa wao. Kwa hiyo hame kama hilo halikuwa mahali palipotupwa. Katika mlima mzima hapakuwa na ardhi yenye mwenyewe kuliko hiyo.

Walianza asubuhi na mapema, umande ukiwalowesha magoti. Kwenye kila hame Bwana aliuliza maswali mawili kwa kinywa cha karani. Nani alikaa hapa? Hapo Kaanaeli alijimwaga. Huyu ndiye aliyechimba mfereji wa maji wa juu. Huyu alipatanisha Wameru na Waarusha vita vya malisho vilipowashinda wengine. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi hata akasahau rangi zao. Chumvi alitia, nani angemzuia?

Na sasa anakaa nani?

"Hakai mtu," Kaanaeli alijibu, kifua mbele. Kwao hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Uwanja ulioachwa mtupu miaka mingi ulikuwa wa mtu aliyeheshimiwa miaka mingi. Kwenye hame la tatu akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hata mbuzi haingii. Karani aliandika. Nyuma yao watu wanne walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kwenye kila pembe, na hilo nalo lilimfurahisha, maana pwani aliwaona Wadachi wakizungushia uzio makaburi ya wakubwa wao. Alijua jambo la heshima akiliona. Ndivyo alivyodhani, masikini.

Adhuhuri walifika la nane. Hili lilikuwa la baba yake, aliyekufa mavuno yaliyopita. Nyumba ilikuwa bado imara, majani ya paa hayajabadilika rangi. Mama yake, Nashilu, alikuwa upande wa chini wa uwanja, mbele ya kibanda chake, akimenya ndizi. Baba yake mkubwa, mzee Sumari, alikuwa amekuja na watu kadhaa wa ukoo kumtazama kijana wao akizungumza na wageni. Kaanaeli aliwaamkia wakubwa wake kwa sauti ya kutaka kusikika.

"Hapa alikaa baba yangu," alimwambia karani. "Na sasa hakai mtu."

Karani akamaliza kuandika, akalamba kidole, akarudi ukurasa wa kwanza. "Nakusomea ushahidi wako. Viwanja vinane vya Akheri, kutoka mto hadi mto, havina mwenyewe. Vinachukuliwa na serikali, apewe mlowezi apande kahawa. Shahidi, Kaanaeli wa Akheri, mwenyeji wa mahali."

Kaanaeli alidhani amesikia vibaya. Akaomba asomewe tena, akasomewa, na maneno yalikuwa yale yale. Akabaki anatazama mdomo wa yule karani kana kwamba ndio uliofanya kosa.

"Wenyewe wamo," alisema mwishowe. "Wamo humo ndani. Tumewazika humo."

"Wamekufa?"

"Wamekufa, ndiyo."

"Bwana hatafuti waliokufa, ndugu yangu." Karani alishusha sauti. Alikuwa mtu mwenye huruma, lakini huruma yake haikuwa na cheo. "Mimi nilidhani unajua. Anachotazama Bwana ni moshi. Penye moshi anaandika jina la mtu. Pasipo moshi anaandika la serikali. Mara nane nimekuuliza, na mara nane umenijibu."

Ikawa lazima awafasirie watu wake. Hiyo ndiyo kazi aliyoiomba. Aliwaeleza huku akitazama chini, na alipomaliza hakuna aliyemtukana, na hilo lilimtisha zaidi. Mwanamke mmoja alikaa chini pale pale kwenye majani. Mzee Sumari alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwambie afute," alisema.

"Hafuti, baba mkubwa."

"Wewe ndiye uliyesema. Sema tena, useme sivyo."

Akasema. Alisema kwa Kiswahili chote alichochuma njia ya Pangani, akapiga magoti, na Bwana akatoa saa mfukoni akaitazama. Nashilu alikuwa amesogea karibu, kisu cha ndizi bado kiko mkononi.

"Moshi tu?" alimuuliza mwanawe.

"Moshi tu, mama."

Akaingia kibandani mwake, akatoka na makaa kwenye gae la chungu, akaanza kupanda kuelekea kwenye masale. Watu walipofahamu anakokwenda, walirudi nyuma wote.

"Shemeji," mzee Sumari alimwita. "Anayewasha moto humo kabla ya vitukuu amehamia kwa wafu. Unajua. Mimi sitaweza kukurudisha."

"Nimekusikia, shemeji."

Akayatenganisha masale kwa mkono, akapita. Kaanaeli hakuwa amewahi kuona mtu akifanya hivyo, wala hakuwahi kuwaza kwamba jambo hilo linafanyika. Aliona mgongo wa mama yake ukiinama mlangoni, kisha hakuona kitu, kisha moshi mwembamba ukapenya kwenye paa la baba yake.

Bwana aliutazama moshi, akasonya, akasema neno. Karani akakata mstari mmoja kitabuni na kuuliza jina la mwenye nyumba. "Nashilu," Kaanaeli alijibu, kisha akawageukia ndugu zake, akawasihi. Yamebaki saba, akawaambia, kimbieni, chukueni moto. Hakuna aliyenyanyua mguu. Yeye mwenyewe hakunyanyua. Huko nyuma alikuwa mwepesi kuliko wote, na sasa alisimama pale akingoja mtu mwingine aende, mpaka kitabu kikafungwa na wageni wakashika njia ya mjini. Nyumba saba zilikwenda hivyo, mchana kweupe.

Siku ya nne ukoo ulikusanyika chini ya uwanja. Kulikuwa na wembe, na maji kwenye kibuyu.

"Kaa," alisema mzee Sumari. "Mtoto wa marehemu hunyolewa wa kwanza."

"Marehemu gani, baba mkubwa? Yule pale. Anapalilia."

"Mama yako amekufa," alisema mzee, na machozi yalikuwa yakimtoka kwelikweli. "Kaa tumlilie."

Kaanaeli alitazama juu. Nashilu alikuwa ameinama kati ya migomba, jembe mkononi. Hakugeuka. Siku nne hakuna aliyempelekea hata salamu, na yeye mwanawe alikuwa mmoja wa hao. Hapo aibu ilimpanda mpaka masikioni, aibu ya kweli, si ile ya kukosa sifa. Badala ya kukaa akaanza kupanda. Alipoyafikia masale hakuyatenganisha kwa mkono, akayapita kwa kifua.

Mama yake aliweka jembe chini. "Nani kakutuma?" aliuliza.

"Sikutumwa, mama."

"Basi ingia ule. Ndizi zimeiva."

Aliinama mlangoni, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, na alikuwa hajameza tonge la kwanza aliposikia wanawake wa ukoo kule chini wakianza kulia, wakimtaja Nashilu, na baada ya Nashilu, Kaanaeli.