Chumba cha Mama, Sentimita Tisini

Wazo la kuwatumia ndugu zangu linki lilikuwa langu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mimi ni msanifu majengo na kitinda mimba wa familia, na nilichoka kuchora nyumba yetu huku watu watatu wakinipigia simu, kila mmoja na lake. Ofisini tulikuwa tumeanza kutumia programu ya kuchorea inayofunguka kwenye intaneti. Mhandisi yuko kwake, fundi yuko saiti, mwenye nyumba yuko kitandani, na wote wanachora ramani moja kwa wakati mmoja. Nikajiambia, kama imewaweza wahandisi, itashindwaje na watoto wa tumbo moja?

Kiwanja ni cha Mama. Alikubali nyumba yake ya zamani ibomolewe kwa sharti moja tu: apate chumba cha chini chenye dirisha, kitakachotosha kitanda chake na kiti cha mtu wa kuzungumza naye. Nikamchorea mita nne kwa tatu na nusu, nikaandika katikati kwa herufi kubwa: CHUMBA CHA MAMA. Nikampigia simu kumwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu atakiona. Kisha nikawafungulia mlango ndugu zangu.

Kwenye ramani kila mtu ana kishale chake chenye rangi na jina. Cha kaka kilikuwa chekundu. Tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hata chai hainywi bila ajenda. Cha mkewe, wifi yangu, kilikuwa kijani. Cha dada, anayeishi mbali na kutuamrisha kama aliye chumba cha pili, kilikuwa zambarau. Na kulikuwa na kimoja cha kijivu, kimeandikwa "Mgeni". Kilikuja kila asubuhi, kikasimama juu ya ramani, hakichori wala hakisemi.

"Huyu ni mpelelezi wa jirani," wifi aliandika kwenye maoni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mwenyekiti akajibu.

Dada akaweka vikatuni kumi na viwili vya kucheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Chumba cha Mama hakuna aliyekigusa. Kila mtu aligusa chake tu. Mwenyekiti alirefusha gereji ili liingie gari la pili, gari ambalo hata kiwandani halijaundwa. Wifi alipanua stoo, na wiki iliyofuata akakumbuka viatu vyake, maskini, havina pa kulala. Dada alitaka bafu la kujinyoosha kwa zile wiki mbili za mwaka anazokuja kutukosoa. Chini ya bafu hilo aliandika, "Mama kwanza!" na moyo mwekundu. Tukauongezea mioyo yetu.

Programu ilisogeza kuta kwa adabu, ikahifadhi, ikaweka alama ya kijani: Hakuna mgongano. Katika familia yetu jambo hilo halijawahi kutokea. Nikaipenda.

Siku ya kupiga kamba za msingi tulifika wote, hata dada. Fundi mkuu, ambaye tunamwita Timazi kwa kuwa ukuta wake na maneno yake havipindi, alikuwa ameshapigilia vigingi na kufunga kamba kwa kufuata ramani iliyo kwenye simu yake. Mitaro ilishaanza kuchimbwa kila mahali isipokuwa sehemu moja. Timazi alisimama hapo, kofia mkononi.

"Mbona hapa hamjachimba?" Mwenyekiti akauliza. "Vipimo si unavyo?"

"Ninavyo, bosi. Mita mbili kwa sentimita tisini." Akakohoa. "Vipimo hivi huwa tunachimba, lakini si kwa mtu aliye hai."

Nilichungulia simu yake. CHUMBA CHA MAMA bado kilikuwepo, ila herufi zilikuwa pana kuliko chumba. Neno la mwisho lilikuwa limetokeza hadi gereji.

"Programu imekosea," dada akasema.

"Ina sehemu ya historia," Timazi akasema. Nililaani siku niliyomfundisha kuitumia. Akabonyeza, akasoma kwa sauti, taratibu, bila kumwonea mtu. "Urefu: gereji, mita mbili, Mwenyekiti. Upana: stoo, mita moja, shemeji. Kabati la viatu, sentimita sitini, shemeji tena. Bafu, sabini, dada." Akanitazama kwa huruma. "Thelathini za mwisho, msanifu. Sababu: ukuta unyooke."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Vipimo tayari vilikuwepo.

Mama alikuwa ameketi juu ya rundo la tofali, mkoba mapajani. Akainuka, akaja mpaka kwenye ile kamba.

"Mama, hatukujua," Mwenyekiti akaanza.

"Mimi nilijua," Mama akasema. "Kila asubuhi nikimaliza chai nafungua nakitazama. Nakiona kinapungua. Nabonyeza, nabonyeza pale pale chumbani, nikidhani mnaniona."

Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya simu nilimtumia na yeye linki. Nilimwekea ya kutazama tu, asije akabonyeza kitu akatuharibia kazi, na jina lake sikuliandika, kishale chake kikabaki cha kijivu. Wifi akatazama viatu vyake. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Mama akanipa mkoba wake nimshikie. Akakaza nguo yake kiunoni, akanyoosha mkono kwa Timazi.

"Siku zangu mbili zimepita," akasema. "Lete hilo jembe."

Timazi akampa. Pigo la kwanza lilitua katikati ya gereji.