Dawa ya Shamba la Juu

Harufu ndiyo iliyomsimamisha Ciwas. Alikuwa ameinama kwenye matuta ya kabichi, anang'oa magugu, mara upepo ukateremka kutoka shamba la juu na harufu kali yenye utamu-tamu, ile ile aliyokuwa akiifua kwenye mashati ya marehemu mumewe. Yukan alikuwa mpiga dawa katika mashamba ya pichi ya watu. Mwishoni hata kijiko kilimshinda kwa kutetemeka, akalishwa uji kama mtoto mpaka siku aliyofumba macho.

Baada ya msiba huo Ciwas alipita nyumba kwa nyumba, akawasihi watu wa mteremko waachane na sumu. Kaya sita zikamkubalia. Ikawa kila wiki pikapu ya akina mama wa ushirika inapanda kutoka mji wa Hsinchu kuchukua mboga zao. Kisha ikaja tufani, mlima ukaporomokea barabara. Mboga zikaozea vikapuni. Njia ilipofunguliwa, kaya tano zilikuwa zimekwishahamia kwa mfanyabiashara wa bondeni, aliyetaka kabichi isiyo na tundu hata moja. Wakabaki wawili: Ciwas, na wifi yake Pisuy, mwenye shamba la juu.

Ciwas aliifuata harufu ile, akapanda akihema. Pisuy alikuwa na bomba la dawa mgongoni na kitambaa mdomoni.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Naogesha kabichi," akajibu Pisuy bila kugeuka.

"Usinitanie. Maji yako yote yanashukia kwangu."

"Basi yaambie yapande." Kisha akalitua bomba, na sauti ikamlegea. "Wifi, kwa magoti haya siwezi tena kuchutama. Viwavi wanakula, wakishiba wanaita na jamaa zao. Mimi nile matundu?"

"Nitakuja kukuokotea."

"Wewe? Na huo mgongo wako kama upinde?"

"Nitakuja. Sitaki uondoke kama kaka yako."

Pisuy alitazama pembeni. "Haya. Njoo."

Ciwas akawa anakwenda alfajiri, anaokota viwavi mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Pisuy alikaa kigodani akimenya viazi vitamu vya moto, akimwonyesha kwa kidole: "Yule pale, mnene kama mchungaji wetu!" Wakacheka mpaka machozi. Lakini mvua haikukatika, na viwavi waliongezeka kuliko mikono ya mtu mmoja. Huku chini, shamba la Ciwas mwenyewe likamezwa na magugu.

Jumapili moja alitoka kanisani, akapitia juu. Viwavi walikuwa wananing'inia kwenye majani, wamekufa. Alimkuta Pisuy jikoni.

"Nilingoja uende ibadani," akasema Pisuy. "Sikutaka uone."

"Pua ninayo, wifi."

"Basi nitukane."

Ciwas akavuta kigoda. Alikaa karibu na moto, akachochea kuni.

Akina mama wa ushirika walichukua majani ya kabichi za Ciwas kwenda kuyapima, kama kawaida yao. Safari iliyofuata mkubwa wao alikuja mwenyewe, akakataa kuketi.

"Shangazi, dawa imeonekana."

"Si yangu."

"Tunajua si yako."

"Sasa?"

"Hatuwezi kuzichukua, shangazi. Tusamehe."

Pikapu ikateremka tupu. Ciwas akazikata kabichi zake zote, akazifukia pale pale shambani. Pisuy alisimama ukingoni mwa shamba lake akimtazama, asithubutu kushuka.

Mteremko mzima ukawa wa kabichi safi, isiyo na tundu hata moja. Msimu uliofuata Ciwas alimkodisha yule mfanyabiashara wa bondeni shamba lake, kwa maana hakuwa tena na mtu wa kumwuzia. Naye akaajiriwa humo humo kufunga kabichi. Siku ya kupiga dawa, kijana wa bomba alimpigia kelele, "Bibi, sogea!" Akasogea upande usioelekewa na upepo, akajifunika kitambaa puani, akamngoja amalize tuta lile, ili yeye aendelee na kazi yake.