Simu Iliyomeza Vigelegele

Précieux alioa simu kabla ya kuoa mke. Hivyo ndivyo alivyosema shangazi yake, tantine Donatienne, na mwenye macho asingebisha. Ilikuwa simu mpya, ya juu kabisa katika toleo lake. Jina silitaji, kampuni hainilipi. Précieux aliifuta kwa kitambaa cha miwani ilhali miwani hana, na kwenye basi la Mtaa wa Jane, huku Toronto, aliishika kwa namna ambayo hata dereva alilazimika kuiona.

Tusimwonee, simu ilikuwa na mambo yake. Kamera ilivuta mbali mpaka ukisimama dirishani kwa tantine uliweza kujua mwanafunzi wa chuo kule ng'ambo ya barabara anakula nini. Ukimpiga picha mtu aliyetoka zamu, inamrudisha kama katoka saluni. Lakini kilichomlevya Précieux ni sauti. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, mashine zinanguruma kutwa, na akimpigia mchumba wake Aurore aliyebaki nyumbani Uvira, Aurore hasikii mngurumo hata chembe. Mara ya kwanza binti alimnunia, akidhani kijana kajilaza kitandani anamdanganya eti yuko kazini.

Kasoro zilikuwepo, ila mwenyewe hakutaka kuambiwa. Ilikuwa nzito kama tofali na iliteleza kama sabuni. Kwenye baridi ya kituo cha basi ilijizimia palepale alipotaka watu waione. Akivaa kofia ya sufu, haimtambui.

Ikafika Jumamosi ya posa. Katika ukoo wa Aurore, binti hatolewi mpaka bibi yake, koko Feza, awaone wazee wa kijana kwa macho yake. Akisharidhika, anamtaja mjukuu kwa jina, na wanawake wa upande wa kijana wanajibu kwa vigelegele. Vigelegele ndivyo jibu lenyewe. Visipopigwa, mmemkataa mtoto wa watu mbele ya ndugu zake, na habari imekwisha. Aurore mwenyewe siku hiyo hukaa kimya chini ya kitenge. Haruhusiwi kusema neno.

Kwa kuwa ukoo mmoja uko Uvira na mwingine uko Toronto, pale Jane na Finch, posa ilikuwa ipite kwenye simu.

"Tutumie yangu," alisema tantine Donatienne, akaitoa kifuani. Kioo kilijaa nyufa na mgongo ulifungwa kwa mpira wa nywele.

"Tantine, hiyo itatuaibisha," alisema Précieux.

Basi simu mpya ikasimamishwa mezani, ikaegemezwa kwenye sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Koko Feza akatokea kwenye kioo, kilemba kichwani, na pembeni yake kitenge kilichokaa wima, ndani yake Aurore. Kitenge kile Précieux alikuwa anakipenda kuliko kitu chochote duniani, simu ikiwemo.

"Jambo, koko. Wazee wetu ndio hawa," alisema, akamsogeza mbele Papa Pascal, kaka mkubwa wa tantine, mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

"Huyo kijana akae chini," alisema koko. "Nimeomba wazee."

Kumbe simu ilikuwa imewapiga pasi wote. Mikunjo, mabaka, mvi, vyote vimefutwa. Papa Pascal alijishika shavu, akaonekana hajachukia hata kidogo. Tantine Donatienne alijitazama kwenye kioo, akanong'ona kuuliza simu hiyo inauzwa wapi.

"Wote hao ni wazee, koko, naapa," alisema Précieux. "Ni hii kamera tu."

Koko akaguna. "Haya. Pengine baridi ya huko inahifadhi watu. Basi nawapa mjukuu wangu, Aurore."

Wanawake walikuwa wakilisubiri jina hilo tangu asubuhi. Walipiga vigelegele mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na jirani wa chini akaanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio.

Uvira kulikuwa kimya. Koko Feza aliwatazama, uso unazidi kukaza.

"Mnapiga miayo?" aliuliza.

Wanawake wakatazamana, midomo bado wazi.

"Nimemtaja mjukuu wangu, mmenifungulia midomo kama viboko, sauti hakuna. Kama hamumtaki mngesema. Aurore, inuka twende zetu."

Kitenge hakikuinuka, ila kilianza kutikisika, na Précieux alijua analia. Ndipo akakumbuka kiwanda, na mashine ambazo Aurore hajawahi kuzisikia. Simu yake erevu ilikuwa imevisikia vigelegele, ikaona ni kelele tu za mtambo, ikavifuta.

Alifungua mipangilio. Ndani ya mipangilio kulikuwa na mipangilio mingine, na ndani ya hiyo akaulizwa neno la siri. Akaiomba simu kwa mdomo izime kuchuja sauti, nayo ikamjibu kwa upole kwamba Uvira leo kuna jua.

"Toka hapo," alisema tantine Donatienne, na tayari alikuwa amepiga kwa simu yake ya mpira. "Koko, usiinuke. Ni simu ya huyu mjinga. Tusikilize upya."

Safari hii kila kitu kilisafiri: sufuria inayochemka, mtoto anayelia jikoni, na vigelegele vyote bila kupunguzwa hata kimoja. Koko Feza aliisogeza simu mbali na sikio. Kisha akaikodolea macho.

"Ahaa. Sasa wazee nawaona. Yule mwenye mvi, pole na umri." Akatazama zaidi. "Na huyo mwenye vipele na pua hiyo ni nani?"

"Ni mimi, koko," alisema Précieux. "Précieux."

Koko hakuficha masikitiko yake. "Yule wa mwanzo alikuwa mzuri."

Précieux akaangalia chini. Hata yeye yule wa mwanzo alimpenda.

Kitenge kikafunuka. Aurore akatokea, macho mekundu, mbele ya shangazi zake wote waliobaki wameduwaa.

"Yule simjui," alisema. "Mimi namtaka huyu."

Hakuna aliyemkemea. Koko Feza ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, Uvira nzima ikafuata, spika ya tantine ikakwaruza hadi karibu ipasuke, na Toronto ikajibu. Jirani wa chini akarudia kugonga kwa nguvu zake zote.

"Na huyo mpiga ngoma," alisema koko, akitikisa mabega, "hakikisheni amekula."

Précieux akatumwa kushuka na sahani ya sombe. Simu mpya aliiacha mezani, imekandamiza kifuniko cha sufuria ili sombe isipoe.